Biblio Kabla ya Noeli

Katika lise za Bujumbura muhula wa kwanza hauishi siku karatasi ya mtihani wa mwisho inapokusanywa. Unaisha siku ya proklamasioni, wanafunzi wanapopangwa uwanjani darasa kwa darasa na prefe wa masomo akasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mkia, asilimia ya kila mmoja ikisikika na wazazi, majirani na wauza karanga waliojazana langoni. Kati ya mtihani na siku hiyo kuna pengo. Walimu wanasahihisha, wanajumlisha pointi, wanafungiana chumbani kuamua nani apite na nani aonywe. Wanafunzi hawana somo, wala hawaruhusiwi kubaki nyumbani. Desemba 2003, nikiwa mwaka wa kwanza wa mchepuo wa Letre Moderne, pengo hilo tulilimalizia maktabani, mahali ambapo shule nzima ilipaita biblio.

Shule yetu ilikuwa upande wa juu wa Rohero, pale njia inapoanza kupanda kuelekea Kiriri. Madirisha ya biblio yalitazama magharibi. Uliona miti ya mjini, mabati ya Bwiza na ya kwetu Buyenzi, kisha Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake milima iliyosimama juu ya Uvira. Desemba, milima hiyo ilionekana kwa nadra. Mvua ilishuka mchana kutoka vilimani, ikapiga bati mpaka hata aliyetaka kupiga kelele akaona haina faida. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, na dari yake ilikuwa na madoa ya kahawia. Meza zilikuwa nzito, za enzi za Wabelgiji. Harufu ya karatasi yenye unyevu ilikupokea mlangoni kabla hujaamkiana na mtu.

Wiki za mitihani, chumba hicho kilikuwa uwanja wa mapambano. Kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, cha jiografia vilevile, na cha biolojia kilikuwa kimepoteza sura ya damu, ambayo ndiyo iliyopendwa sana na mwalimu. Ukikipata kitabu, hukukisoma peke yako. Mmoja alisoma kwa sauti ya chini, wengine wakaandika haraka, na aliyeachwa nyuma aliazima daftari jioni. Tuliandika herufi ndogo sana, tukajaza hata pambizo. Mazoea hayo tuliyarithi kwa kaka na dada zetu waliosoma wakati wa vikwazo, kuanzia mwisho wa Julai 1996 hadi Januari 1999, nchi jirani zilipofunga mipaka baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Buyoya na karatasi ikawa bidhaa ya kutunzwa. Vikwazo viliondoka, herufi ndogo zikabaki.

Mtihani ulipokwisha, watu walewale waliokuwa wakivutana kitabu walirudi wakiwa wametulia, mikono mitupu, bila kujua wafanye nini. Hapo ndipo mtunza maktaba alipotupa kazi.

Alikuwa mzee wa asili ya Ngozi, aliyefundisha shule za msingi miaka mingi kabla ya kukabidhiwa funguo za biblio. Na walimu alizungumza Kifaransa, na wanafunzi wengi Kirundi, na sisi wa Buyenzi Kiswahili. Tulimwita Mzee, basi. Kwanza kabisa alituwekea ndoo ya maji na kipande cha sabuni nje ya mlango. Desemba ni msimu wa maembe, na kina mama waliyapanga juu ya magunia pale langoni, yale makubwa ya tambarare ya Imbo yenye maji ya kutosha kuangamiza kamusi. Hakuna aliyeingia bila kunawa. Mzee hakuridhika na kuona mikono imelowa. Alishika kiganja, akakinusa.

"Bado," alisema. "Rudi."

"Mzee, nimenawa."

"Umenawa vidole. Embe liko kwenye kiwiko."

Kazi yenyewe ilikuwa kutibu vitabu. Wasichana wa darasa la pili walipika gundi ya unga wa muhogo jikoni kwa wapishi, wakaileta ingali ya moto kwenye kopo la maziwa. Wavulana walileta mifuko ya sementi, tukang'oa tabaka la nje lenye vumbi na kubaki na karatasi safi ya ndani, ngumu na ya kahawia, ambayo ndiyo iliyokuwa jalada la karibu kila kitabu pale. Mimi baba yangu alikuwa fundi cherehani, kwa hiyo Mzee alinipa kazi siku ya kwanza tu.

"Weye mwana wa fundi, leta sindano nene na uzi wa jinzi. Muambie mzee wako nitamwombea."

Baba alitoa uzi akilalamika kwamba mwezi wa Noeli ndio mwezi wa kazi na shule inamnyang'anya mali. Lakini alinionyesha namna ya kupaka uzi nta ya mshumaa usikatike, na namna ya kurudisha sindano mara mbili kwenye tundu la mwisho. Tulitoboa migongo ya vitabu kwa msumari, tukashona kurasa zilizoachana. Katika darasa la mkabala, kwaya ilifanya mazoezi ya nyimbo za Noeli, sauti ya tatu ikikosea mahali palepale kila mara. Sisi Waislamu tulikuwa tumekwisha kula Idi mwishoni mwa Novemba, lakini nyimbo zile tulizijua zote kwa kuzisikia, na tulishona kwa mapigo yake.

Huwezi kushona kitabu bila kukifungua, na huwezi kukifungua bila jicho kuanguka mahali. Sidhani Mzee alipanga hivyo, ila hakutuharakisha. Aliyekuta ukurasa uliomshika aliacha sindano, akakaa.

Kitabu kilichogombewa zaidi kilikuwa Larousse ya zamani, ya kabla ya uhuru. Katikati yake, kati ya maneno ya kawaida na majina ya watu na nchi, zilikuwako zile kurasa za waridi zenye misemo ya Kilatini. Wavulana wa Letre waliihifadhi ili kuitumia katika midahalo na katika barua kwa wasichana, naye msichana aliyepokea barua alikuja biblio kutafuta maana yake. Mimi nilipenda nusu ya pili, ya majina. Nilitafuta nchi yetu chini ya herufi B, sikuiona. Ilikuwa chini ya R, Ruanda-Urundi, eneo lililo mikononi mwa Ubelgiji. Bujumbura nayo haikuwepo. Palikuwa na Usumbura. Mhuri wa shule ndani ya jalada pia uliandikwa Usumbura, wino wa zambarau uliofifia. Kumbe biblio yetu ilikuwa na umri mkubwa kuliko jamhuri.

Nyuma ya kila kitabu cha zamani palibandikwa mfuko mdogo wa karatasi wenye kadi ya mkopo: jina, darasa, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Tulizisoma kadi hizo kwa udaku. Tulikuta majina ya watu waliokuwa sasa mawaziri, madaktari, hata mwalimu wetu wa hesabu, aliyewahi kuchelewesha riwaya ya mapenzi muhula mzima. Kadi zilizochakaa tulitaka kuzitupa na kuweka mpya. Mzee alitukataza. Alichukua kitabu cha padri Michel Kayoya kilichochapwa hapahapa Bujumbura mwaka 1968, akatoa kadi yake, akatuonyesha safu ya majina yaliyofuatana kwa miaka michache, kalamu mbalimbali, kisha yakakoma Aprili 1972. Chini yake mistari ilikuwa mitupu kwa muda mrefu. Hakutueleza. Hatukuhitaji maelezo mengi. Kila nyumba ya Burundi ina mwaka 1972 wake, na tulijua kwamba mwaka ule wa mauaji watu walichukuliwa mpaka madarasani. Padri Kayoya mwenyewe aliuawa Mei ya mwaka huo huko Gitega. Mzee alirudisha kadi mfukoni, akatuambia tukishone kitabu pamoja na kadi yake.

Meza yetu ilikuwa na watu wa Ngagara, Musaga, Kinama, Kamenge na Buyenzi. Kwa msomaji asiyejua mji huo, majina haya ni mitaa tu. Kwetu yalikuwa habari nzima. Vita vya 1994 na 1995 vilikuwa vimeichambua mitaa, huyu huku na yule kule, na miaka minane baadaye bado kulikuwa na njia ambazo mtoto aliambiwa asipite. Julai ya mwaka ule ule wa 2003 mapigano yalikuwa yameingia mitaa ya kusini, Musaga na Kinanira, na rafiki yangu wa Musaga alikuwa amelala usiku kadhaa chini ya kitanda. Kisha, Novemba 16, serikali na waasi wa CNDD-FDD wakatia saini makubaliano ya amani Dar es Salaam. Waasi wengine, wa FNL, walibaki vilimani, na usiku milio ilisikika bado, lakini redio, RPA na Isanganiro, zilianza kusema maneno ambayo hatukuwa tumeyazoea. Pale biblio hatukujadili siasa. Tulibishana juu ya mambo mengine kwa nguvu zote, na pengine ndiyo sababu tulibishana hivyo.

Ubishi mkubwa uliletwa na Mariama Bâ. Wasichana walikuwa wamesoma Une si longue lettre kwa zamu, na habari ya Modou aliyemwoa rafiki wa binti yake ilipasua meza vipande viwili. Mimi, kwa kuwa natoka Buyenzi, niliitwa kama shahidi.

"Haya, kwenu wake wawili si kawaida? Useme."

"Kwa jirani wapo. Kwetu baba hana hata pesa ya uzi."

"Na mke mkubwa wa jirani anasemaje?"

Nikagundua kwamba sikuwahi kumuuliza. Jioni nilimuuliza mama, naye akanijibu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na kesho yake nilirudi mezani na ushahidi. Katika muhula hatukuwa na mjadala kama huo. Darasani swali lilikuwa: mwandishi amezaliwa lini, kitabu kina dhamira gani, taja tatu. Sasa pointi zilikuwa zimekwisha kutolewa, ziko chumba cha walimu, hakuna neno lolote letu lingeziongeza wala kuzipunguza. Kwa mara ya kwanza mtu alisema kitabu hakikumpendeza, na mwingine akamuuliza kwa nini.

Wengine hawakutaka riwaya. Palikuwa na rundo la magazeti: Le Renouveau la serikali, Ndongozi la Wakatoliki, Jeune Afrique za zamani zilizokatwa picha za wachezaji. Palikuwa na Tintin ambazo kurasa zake zilikuwa laini kama kitambaa kwa kupitia mikono mingi. Waliokuwa na nauli na muda walishuka mchana hadi Kituo cha Utamaduni cha Ufaransa katikati ya mji, kwenye vitabu vipya. Lakini kule ulikaa kimya na mlinzi alikutazama. Kwetu ulinuka gundi ya muhogo na ulicheka.

Rafu ya chini kabisa, pembeni, ndiyo ilikuwa ya Kiswahili. Palikuwa na Biblia, kamusi nzito ya Sacleux ya mwaka 1939 ambayo lazima iliachwa na mapadri, na vitabu vyembamba vichache. Kiswahili kwa wakati ule kilihesabiwa lugha ya soko, ya gereji na ya bandari. Mwanafunzi wa Rohero alikijua, ila hakupenda kukisema mbele ya mwalimu. Mzee alinikuta nimechuchumaa pale, akainama, akavuta Kusadikika ya Shaaban Robert.

"Hiki hakijaondoka humu tangu nije. Peleka nyumbani."

Kupeleka nyumbani kulikuwa na kesi yake. Kila Desemba msimamizi wa mali ya shule alitaka vitabu vyote virudishwe, vihesabiwe na kufungiwa mpaka likizo iishe. Hoja yake ilikuwa na maana: pesa ya kununua vingine haipo, na kitabu kilichoingia mtaani wakati kama ule huenda kisirudi. Mzee alimjibu kwa Kirundi, mbele yetu, kwamba kitabu kikifungiwa humo wiki mbili za mvua kitasomwa na ukungu. Walivutana mpaka wakafika kwenye makubaliano: kitabu kimoja kwa mwanafunzi, kamusi marufuku, na kila mkopaji aandikwe kwenye daftari kubwa pamoja na mtaa na njia anayokaa. Nilisimama foleni nikaona daftari lile likijaa: Cibitoke, Nyakabiga, Kanyosha, Buyenzi, Kamenge, Jabe. Kila mstari ulikuwa na jina la kitabu upande wa pili. Kulikuwa na mitaa ambayo mimi sikuthubutu kukanyaga, na kitabu cha Camara Laye kilikuwa kinakwenda huko kwa miguu, begani mwa mtu ninayemjua.

Proklamasioni ilifanyika kati ya mvua mbili. Nilipata nafasi ya katikati, baba akasema katikati ndiko kwenye nyama, tukashuka Buyenzi.

Cherehani ya baba ilikaa barazani. Siku za kuelekea Noeli wateja walipanga foleni: magauni ya watoto, suruali za kupunguzwa, mashati ya wanakwaya. Baba alisoma Kurani na Kiswahili, Kifaransa hakukijua. Kwa miaka yote niliyorudi na daftari, hakuwahi kuingia katika nilichosoma. Sasa alisikia Kiswahili kikitoka kitabuni, akaniambia niongeze sauti kushinda cherehani. Nikamsomea habari za nchi iliyo hewani, za Karama aliyeshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, mbinguni na ardhini, wakarudi na habari za manufaa na kupokewa kwa vifungo.

Siku ya pili wateja waliochukua nguo zao hawakuondoka. Fundi wa magari wa jirani alikuja na kiti chake. Kila mjumbe alipotiwa gerezani, baraza lilipiga kelele.

"Huyo ametoka Arusha!"

"La, huyo ni wa Pretoria. Wa Arusha walilala hoteli."

"Na wa Dar es Salaam?"

"Wa Dar es Salaam ndio kwanza amefika. Tungoje tuone."

Walicheka mpaka baba akasimamisha mguu kwenye cherehani. Mazungumzo ya amani yetu yalikuwa yameanza Arusha mwaka 1998, mkataba ukasainiwa Agosti 2000, kisha Pretoria, kisha Dar es Salaam. Kila mara wajumbe walipanda ndege na kurudi, na mtaa ulibaki na vita vyake. Kitabu cha mwaka 1951 kilichoandikwa na mtu wa Tanga, ambacho hakikuwa kimeguswa rafuni, kilikuwa kimewapa watu wa barazani njia ya kusema jambo hilo bila kumtaja mtu. Baba hakukubaliana na mwisho. Alisema mfalme amesamehewa upesi mno.

Likizo ile haikuwa ya amani yote. Desemba 29, balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, alipigwa risasi karibu na Minago, kwenye barabara ya Rumonge inayofuata ziwa. Mwenzetu mmoja wa bweni alikuwa kwao Rumonge. Shule ilipofunguliwa hakuwepo, na kwa siku kadhaa tuliangalia kiti chake bila kusema. Alipofika, alikuwa na kitabu chake ndani ya mfuko wa sukari ya Moso uliofungwa kwa kamba, kikiwa kikavu.

Vitabu vingine havikurudi. Mzee alipitia daftari lake, akaweka alama, akatuma ujumbe mitaani kupitia wanafunzi. Baadhi vilirudi Pasaka. Vilivyopotea kabisa vilikuwa vichache, na msimamizi wa mali aliandika taarifa yake kwa kalamu nyekundu. Vilivyorudi vilikuwa na madoa ya chai na mafuta ya taa, na kimoja kilikuwa na orodha ya nguo za kufua kwa mwandiko wa mama wa mtu. Mzee alivisafisha akavirudisha rafuni.

Tangu hapo mambo mengi yamesogea. Shule ya msingi ilifanywa bure mwaka 2005 na madarasa yakafurika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili sasa ni somo. Wapwa zangu wanakiandikia mtihani, wala hawaelewi ninapowaambia kwamba kilikaa rafu ya chini. Mwaka 2016 Gaël Faye alichapisha Petit Pays, ambamo mtoto wa Bujumbura anaazimwa vitabu na jirani huku vita vikikaribia mtaa wao, na miongoni mwa tuzo alizopata ni ile ya Goncourt inayoamuliwa na wanafunzi wa lise za Ufaransa. Sikushangaa ni nani waliomchagua.

Kitu ambacho sikipati tena nikiuliza ni ile wiki. Mpwa wangu ananiambia kwamba shuleni kwake biblio hufungwa siku mitihani inapoanza kusahihishwa, ili vitabu vihesabiwe, na wanafunzi hukaa uwanjani na simu zao mpaka proklamasioni. Naelewa woga wa anayehesabu. Nimeuona kwa macho yangu na haukuwa wa kijinga. Lakini msomaji hatengenezwi wiki za mtihani, wakati kitabu ni chombo cha kutafutia pointi tu. Hutengenezwa pointi zikiwa zimekwisha, mvua inanyesha, na mtu mmoja mwenye funguo amekubali kupoteza vitabu viwili vitatu. Hesabu inaweza kungoja Januari.